Nishani hufuata daftari; wazee wa Kasese wasahihishiwe majina

Kila ifikapo Februari 6, jeshi la Uganda huadhimisha Tarehe Sita, siku ya kukumbuka shambulio la Kabamba la mwaka 1981 lililoanzisha vita vya msituni. Jina la sikukuu hiyo ni la Kiswahili na hakuna aliyehangaika kulitafsiri, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ya kambini. Siku hiyo, kama zilivyo Januari 26 na Juni 9, watu huitwa mbele kwa majina na kuvishwa nishani vifuani. Ni jambo jema na nalipongeza.

Hata hivyo, wasomaji wangu wa Kasese, Bwera na Mpondwe wanajua kwamba nishani hufuata daftari. Anayeitwa mbele ni yule ambaye jina lake, namba yake ya jeshi na miaka yake ya utumishi viko sawa kwenye kumbukumbu. Ambaye jina lake limekosewa hubaki nyuma akiwapigia makofi wenzake aliolala nao handaki moja. Leo nataka kuwasemea hao waliobaki nyuma.

Sheria ipo. Sheria ya Nishani na Heshima za Taifa ilipitishwa mwaka 2001. Chini yake kuna nishani ya Luwero kwa waliopigana vita vya msituni hadi mwaka 1986, ya Kagera kwa waliopigana kumwondoa Idi Amin, na ya Damu kwa askari waliojeruhiwa vitani. Kwa hiyo hakuna anayeomba upendeleo. Mzee anayeomba kumbukumbu zake zisahihishwe anaomba haki ambayo Bunge lilikwisha kuitunga.

Tatizo linaanzia kwenye jina, na sisi wa mpakani tunalielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa Wakonzo, jina humwonyesha mtoto nafasi yake ya kuzaliwa. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Ukivuka mto Lhubiriha kwenda kwa ndugu zetu Wanande, Bwambale anakuwa Kambale, Masereka anakuwa Kasereka, Kule anakuwa Kakule na Thembo anakuwa Katembo. Ni watu wale wale, ukoo ule ule, herufi ndizo zimebadilika.

Sasa fikirini karani wa jeshi anayetoka upande mwingine wa nchi, asiyejua Lukonzo, anaandikisha vijana wengi kwa siku moja. Katika kikosi kimoja wanaweza kuwapo akina Bwambale watano. Mmoja ataandikwa kwa jina la ubatizo peke yake, mwingine ataandikwa kwa jina la baba, wa tatu atapungukiwa herufi mbili. Mwaka wa kuzaliwa hukadiriwa kwa kumtazama usoni. Kijana hajali, kwa sababu yuko vitani. Miaka 30 baadaye, anapokwenda kudai chake akiwa na Kitambulisho cha Taifa kilichoanza kuandikishwa mwaka 2014, anaambiwa kwamba mtu wa kwenye kitambulisho si mtu wa kwenye daftari.

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Anajua kwamba herufi moja ikikosewa kwenye hati ya forodha, lori linaweza kusimama na samaki wakaharibika. Lakini anajua pia kwamba pale forodhani kuna dirisha la kusahihisha. Unapeleka hati zako, zinalinganishwa, unajibiwa na safari inaendelea. Ikiwa gunia la kahawa lina dirisha lake, iweje mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi asiwe na lake hapa karibu?

Nasema karibu kwa makusudi. Makao makuu ya Wizara ya Ulinzi yako Mbuya, Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese, na kutoka Bwera ni mbali zaidi. Mzee wa miaka 70 mwenye risasi mguuni anauza mbuzi apate nauli, anafika, anaambiwa arudi na barua ya mwenyekiti wa LC1. Anarudi nayo, anaambiwa alete hati ya kiapo. Mbuzi wa tatu akishauzwa, mzee hukata tamaa. Na hapo ndipo matapeli wanapomngojea, wakimwahidi kwamba faili lake litapatikana akitoa kitu kidogo.

Wapo watakaouliza: kipande cha chuma kinamfaa nini mtu asiye na chumvi nyumbani? Swali hilo nalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba daftari linalotoa nishani ndilo linalotoa kiinua mgongo na pensheni. Kosa lile lile linalomnyima mzee heshima linaweza kumnyima mkewe fedha siku mzee atakapozikwa. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Uganda ilipunguza askari wapatao 36,000, wakarudishwa makwao na mabati, mbegu na fedha kidogo za kuanzia maisha. Aliyerudi nyumbani na cheti chenye jina lisilo lake alirudi na deni ambalo watoto wake ndio watakaolihangaikia.

La pili ni heshima ya wilaya yetu. Kasese imezoea kusemwa vibaya. Tangu Rwenzururu ilipojitangaza mwaka 1962 hadi wapiganaji waliposhuka milimani mwaka 1982, na tena baada ya umwagaji damu wa Novemba 2016 mjini Kasese ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa, wapo wanaoitazama kila nyumba ya Mkonzo kama nyumba ya mwasi. Lakini waliovaa sare za nchi hii kutoka milima hii ni wengi. Wapo waliojiunga na NRA ilipofungua uwanja wa vita wa magharibi hapa Rwenzori mwaka 1985. Wapo vijana wa LDU walioshika bunduki kulinda vijiji baada ya waasi wa ADF kuvuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe, Novemba 13, 1996. Nishani ikining'inia ukutani sebuleni, mjukuu hahitaji kubishana na mtu kuhusu babu yake alikuwa upande gani.

Deni la aina hii lilikuwapo hata kabla ya Uhuru. Makumi ya maelfu ya Waganda walitumikia jeshi la Mwingereza katika vita vya 1939 hadi 1945, wengi wao katika keya, na wapo waliofika hadi Burma. Uingereza iligawa nishani za vita ile kwa askari wake bila kuchora jina la mwenyewe. Maana yake ni kwamba kama karatasi imepotea, nishani yenyewe haiwezi kusema ilikuwa ya nani. Hata hivyo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza hupokea maombi ya warithi halali wa askari ambaye hakuchukua nishani yake. Ikiwa London inaweza kumsikiliza mjukuu wa keya, Kampala inaweza kumsikiliza mzee mwenyewe akiwa hai.

Najua jeshi lina sababu ya kuwa kali. Mwaka 2003 uchunguzi wa askari hewa ulionyesha jinsi majina ya watu wasiokuwapo yalivyokuwa yakilipwa mishahara. Ukifungua mlango wazi, wataingia waliowahi kupigana na wale waliosikia vita redioni. Hofu hiyo ni ya kweli na siibezi. Lakini dawa ya mwizi ni mwanga. Majina ya waombaji yabandikwe kwenye ofisi za kaunti ndogo, yasomwe misikitini na makanisani, na kila mwenye pingamizi aseme. Bwera ni mahali ambapo watu wanajuana. Mtu hawezi kudanganya majirani zake kwamba alikuwa vitani miaka mitano wakati wote walimwona akilima pamba.

Wala isisemwe kwamba faili likipotea mambo yamekwisha. Julai 1973 moto uliteketeza mamilioni ya mafaili ya askari wa zamani wa Marekani katika ghala la kumbukumbu huko St. Louis. Wamarekani hawakuwaambia wazee wao waende wakalale. Walianza kuyajenga upya kwa kutumia hati za malipo, kumbukumbu za hospitali na ushahidi wa wenzao. Tena nchi hiyo ina bodi maalumu za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, zilizotokana na sheria ya mwaka 1946. Sisi si matajiri kama wao, lakini kumsikiliza shahidi wa pili hakuhitaji utajiri.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wastaafu wa Jeshi mambo manne. Ilete dawati la kusahihisha kumbukumbu Kasese na Bwera, hata kama ni kwa siku chache kila mwaka, likiwa na mtu anayejua Lukonzo na Kiswahili. Ikubali hati za hospitali, orodha za malipo na viapo vya wenzake wawili pale faili linapokosekana. Impe kila mwombaji jibu la maandishi lenye sababu, liwe la ndiyo au la hapana. Na ihakikishe kwamba vijana walioingia Kongo katika Operesheni Shujaa iliyoanza Novemba 2021 wameandikwa sawasawa leo, ili mwaka 2050 asiwepo mhariri wa kuandika tena maneno haya.

Nanyi wasomaji msikae mkingoja. Mliorejea kutoka Kongo, ambao hati zenu za ng'ambo zinasema Kambale na za huku zinasema Bwambale, nendeni kwa kamishna wa viapo mkaape kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Mwenye cheti cha kuachishwa jeshi atoe nakala tatu na kuziweka nyumba tofauti, maana nyumba moja ikiungua au mto ukifurika hakuna kinachobaki. Mtafuteni mwenzenu wa kikosi wakati bado yu hai na ana kumbukumbu, aandike anachokijua na kukitia sahihi. Wafanyabiashara mnaokwenda Kampala kila wiki, mbebeeni mzee bahasha yake na mumrudishie stakabadhi. Na yeyote atakayewadai fedha kwa ahadi ya nishani, mripotini.

Wazee hawa wanapungua kila msimu wa mvua. Tukiwasahihishia majina leo, watasimama wenyewe wavishwe. Tukichelewa, tutabaki na kazi ya kusahihisha herufi kwenye misalaba na mawe ya makaburi, na huko hakuna mpiga tarumbeta atakayewaita mbele.