Amande yenye makosa: motari alipe tu, ao asimame kwanza?

Mjini Beni, motari anayesimamishwa na polisi wa barabarani hutafuta kwanza namna ya kuondoka haraka. Ana abiria nyuma, ana feza ya siku ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni, ana watoto wanaosubiri unga. Akiambiwa kwamba amepita na mwendo mkali na kwamba kuna amande, anauliza swali moja tu: ni ngapi? Ni wachache wanaouliza swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: karatasi hii imeandikwa nini?

Karatasi hiyo, ile ambayo kila mtu huita PV, inaandikwa kwa Kifaransa, kwa mkono, kando ya barabara, jua likiwaka ao mvua ikinyesha. Tarakimu 1 kwenye plaki inageuka 7. Jina linaandikwa jinsi lilivyosikika. Motari anafika nyumbani, mtoto wa shule anamsomea, na hapo anatambua kwamba karatasi inataja plaki isiyo yake, ao barabara ambayo hakuipita siku ile. Sasa afanye nini? Alipe ili mambo yaishe, ao arudi kusema kwamba kuna kosa?

Kwenye paruwasi, wamotari wengi watamwambia: lipa, usijitafutie matatizo. Ushauri huo unaeleweka, lakini mara nyingi ni mbaya. Mtu anayelipa karatasi yenye makosa makubwa bila kuomba irekebishwe anaweza kutoa feza yake na bado asipate usalama aliotaka kununua.

Risiti isiyomlinda mwenyewe

Chukua mfano wa motari ambaye pikipiki yake imebakizwa kwa polisi hadi alipe. Analipa, anapewa risiti, anakwenda kuchukua pikipiki. Mlinzi anatazama plaki, anatazama karatasi, na namba hazifanani. Kwa mlinzi huyo, pikipiki iliyolipiwa ni nyingine, na hii iliyo mbele yake bado. Motari anarudishwa ofisini, anapoteza siku nyingine, na pengine anaombwa feza nyingine ili "kupanga mambo". Kosa la tarakimu moja limekuwa mzigo wa aliyelipa, si wa aliyeandika.

Tena plaki iliyoandikwa kwa makosa inaweza kuwa ya mtu halisi, anayefanya kazi Butembo ao Kasindi na asiyejua lolote. Karatasi ile ikikaa bila kulipwa, jina la pikipiki yake ndilo linalobaki kwenye daftari la polisi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye uongo nalo linaweza kumpotezea mtu mali yake.

Kuhusu majina, shida ni kubwa zaidi katika eneo hili. Kwa Wanande, Kambale ni jina la mtoto wa pili wa kiume, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Kila familia karibu ina Kambale wake. PV inayosema "Kambale, pikipiki nyekundu" haijamtaja mtu yeyote, ao imewataja watu wengi mno. Ndiyo maana plaki, tarehe, saa na mahali vina maana kubwa. Ndivyo vinavyomtofautisha Kambale mmoja na mwingine.

Makosa hayana uzito sawa

Hata hivyo, si kila kosa kwenye karatasi linamfungulia motari mlango wa kutokea. Hapa wamotari wengi hujidanganya. Mtu anaona wameandika Paluku kwa "l" mbili, anafurahi na kusema karatasi haina thamani. Sivyo. Kama plaki ni yake, mahali ni pale, saa ni ile, na yeye mwenyewe anajua kwamba alikuwa akikimbia, herufi moja ya ziada haifuti kosa lake. Aombe jina lirekebishwe, alipe, apate risiti safi, aendelee na kazi. Kwenda kupigania herufi moja mbele ya tribinali ni kupoteza siku na kuchosha watu.

Ni jambo lingine kabisa ikiwa kosa linagusa kiini cha mashitaka: plaki ya pikipiki nyingine, siku ambayo motari alikuwa amelala hospitali na mtoto, barabara ambayo hakuipita, ao kosa ambalo siye alilosimamishiwa. Kwa mfano, mtu alisimamishwa kwa kukosa kofia, na karatasi inasema mwendo mkali. Hapo si tena habari ya mwandiko mbaya. Karatasi inamsimulia mtu mwingine ao jambo lingine. Hapo ndipo inafaa kukataa.

Kuna pia swali la mwendo wenyewe. Ulipimwa namna gani? Kama karatasi inataja kilomita kwa saa na hakukuwa na kifaa chochote cha kupima, motari ana haki ya kuuliza namba hiyo ilitoka wapi. Lakini ajue hili pia: sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka dereva alinganishe mwendo wake na hali ya barabara. Mtu anayepita mbio katikati ya soko hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba hakukuwa na mashine ya kumpima.

Katiba iko upande wa nani?

Watu wengi wanafikiri kwamba PV ni hukumu. Si hukumu. Ni maandishi ya polisi akisema aliyoyaona. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba hakuna mtu anayeweza kufuatwa ao kuhukumiwa kwa tendo la mwingine, na kwamba mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho itolewe. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kujitetea mwenyewe ao kusaidiwa na mtetezi anayemchagua. Plaki iliyokosewa inaangukia hapo moja kwa moja: ni tendo la mwingine.

Wengine watajibu kwamba haya ni maneno ya wakati wa amani, na kwamba Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Ni kweli kwamba utawala huo ulibadili mambo mengi. Lakini kifungu cha 61 cha Katiba hiyohiyo kinataja haki ambazo haziondolewi hata wakati wa dharura, na kati yake kuna haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa. Motari anayeomba kwa heshima karatasi yake irekebishwe hapigani na serikali. Anaiomba ifuate sheria yake yenyewe.

Kuhusu lugha, kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa. Na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Basi si aibu, wala si ukaidi, motari kusema: "Chef, naomba unisomee kwa Kiswahili kabla sijatia saini." Polisi mwenye kazi safi hatakosa dakika mbili za kufanya hivyo.

Kukataa kuna bei yake

Ni lazima kusema ukweli wote. Kukataa amande kunagharimu. Mara nyingi, kinachotolewa kwanza ni nafasi ya kulipa ili mambo yaishie kwa OPJ, yaani afisa wa polisi anayechunguza makosa. Mtu akikubali na kulipa, kwa kawaida kesi inaishia pale, na itakuwa vigumu sana kurudi kesho kusema kulikuwa na kosa. Akikataa, kesi inaweza kupanda hadi kwenye parke na tribinali ya amani. Huko atahitaji muda, nauli, pengine avoka. Na jaji anaweza kuona kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kukataa, motari ajiulize mambo matatu. Je, kosa lililo kwenye karatasi linaonyesha mtu mwingine, ao ni mwandiko tu? Je, ana kitu cha kuonyesha: karatasi za pikipiki, picha ya plaki iliyopigwa siku ileile, abiria ao jirani anayeweza kusema alikuwa wapi? Je, siku atakazopoteza zinalingana na kile anachotetea? Kama majibu mawili ya kwanza ni ndiyo, inafaa asimame, hata kama amande ni ndogo. Kama hana ushahidi wowote na anajua moyoni kwamba alikuwa akikimbia, alipe.

Kati ya kulipa na kukataa kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: kuomba marekebisho. Inafaa ifanywe mapema, hapohapo barabarani kama inawezekana, ao siku inayofuata ofisini, pamoja na mjumbe wa chama cha wamotari ili mtu asiende peke yake. Ikiwa anaombwa saini, anaweza kuomba maneno yake yaandikwe kwanza: "Plaki iliyoandikwa si yangu." Maneno hayo machache leo yana nguvu kuliko malalamiko marefu baada ya mwezi.

Na jambo moja halina mjadala. Feza inayotolewa mkononi bila risiti si amande. Haifiki kwenye hazina ya serikali, haifungi kesi yoyote, na inamfundisha polisi kwamba karatasi yenye makosa inazaa matunda. Anayelipa hivyo anawapandishia bei wenzake wote.

Kwa familia zilizokimbia

Wenye kuumia zaidi na makosa haya ni wale waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, na ambao leo wanaishi Oicha, Beni ao Butembo katika familia zilizowapokea. Vijana wengi kati yao wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine ili kulisha wazazi. Wengine walikimbia usiku na kuacha kadi ya mpiga kura ndani ya nyumba iliyochomwa. Hana kitambulisho cha kuonyesha jinsi jina lake linavyoandikwa, basi polisi anaandika anavyosikia.

Katika eneo ambalo vizuizi vya askari ni vingi, jina lisilofanana kati ya karatasi moja na nyingine si jambo dogo. Linaleta maswali: wewe ni nani, umetoka wapi, kwa nini karatasi hii inasema hivi? Kijana aliyelipa amande yenye jina baya anatembea na karatasi ya serikali inayomkana. Kwake, kuomba irekebishwe ni kulinda usalama wake. Na kama alipoteza kadi, aende kwanza kwenye komine kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba vitambulisho vilipotea, jina likiwa limeandikwa sawasawa. Hiyo ndiyo itakayomsaidia kusema: jina langu ni hili.

Mwendo bado unaua

Makala haya yasieleweke vibaya. Kukataa amande yenye makosa si ruhusa ya kukimbia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayohitajika ili breki zisimamishe pikipiki inaongezeka karibu mara nne. Kwenye barabara ya Beni hadi Oicha, watoto wa familia zilizohama wanauza ndizi na makala kando ya njia. Motari anayekimbia hapo anastahili amande, na inafaa aandikiwe PV iliyo sawa. Tena polisi anayeandika vibaya ndiye anayemsaidia mkimbiaji huyo kuponyoka, kwa sababu karatasi mbovu haimkamati mtu mwenye kosa.

Kwa hiyo wakubwa wa polisi wana kazi yao pia: daftari zenye namba kwa mfululizo, polisi kuhakikisha plaki mbele ya mwenyewe kabla ya kuandika, kusoma PV kwa Kiswahili, na ofisi moja inayojulikana, yenye saa zinazojulikana, ambako mtu anaweza kurekebisha kosa bila kutoa kitu. Hayo hayahitaji msaada kutoka Kinshasa. Na vyama vya wamotari, ambavyo hukusanya michango kwenye kila paruwasi, vichague angalau mtu mmoja anayejua kusoma PV vizuri, ili motari asisubiri kufika nyumbani ndipo ajue amelipa kwa niaba ya nani.