Picha Ukutani, Mchoraji Mlangoni



Hadithi za picha zimeingia katika majumba makubwa ya makumbusho. Kile kilichochapwa juu ya karatasi hafifu, kikauzwa kwa senti, kikanyang'anywa na mwalimu mikononi mwa mtoto asiyesikiliza somo, leo kimetiwa ndani ya fremu, kimewashiwa taa, na mlinzi amesimama kando yake. Mjini Brussels, duka la zamani la vitambaa lililojengwa na Victor Horta limekuwa makao ya hadithi za picha tangu 1989. Mwaka 2009 Louvain-la-Neuve ilifungua jumba la Hergé, baba wa Tintin. Mwaka 2024 Centre Pompidou ya Paris ilizipa hadithi hizo nafasi katika ghorofa zake zote. Sisi tunalifurahia jambo hili. Uchoraji huo ni sanaa, na yeyote aliyejaribu kuonyesha hasira ya mtu kwa mistari mitatu tu anajua ugumu wake.

Ugomvi wetu ni na hamu ya zamani inayouzwa mlangoni pamoja na tiketi. Watu wazima wanapanga foleni ili waione tena ile picha ya Superman waliyoibandika juu ya kitanda walipokuwa na miaka kumi. Wanaingia na utoto wao, wanatoka nao, wakitabasamu. Humo ndani ni nadra kumpata wa kuwaeleza ni nani aliyelipwa kwa picha ile, ni nani aliyenyimwa, na katika picha nyingine ni nani aliyechekwa. Tunasema wazi: maonyesho yanayotundika karatasi na kuwaficha watu yanadanganya, hata kama kila karatasi iliyotundikwa ni halisi.

Tumchukue huyo Superman. Vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimbuni. Mmoja aliandika, mwenzake alichora. Mwaka 1938 waliuza hadithi ya kwanza, kurasa 13, pamoja na haki zote za shujaa wao, kwa dola 130. Gazeti lililomtoa liliuzwa senti 10. Kampuni ikatajirika, wao wakapelekana nayo mahakamani, wakashindwa. Ilipofika 1975 Shuster alikuwa karibu kipofu, naye Siegel alikuwa akiwaandikia wanahabari kueleza jinsi walivyotupwa. Ndipo kampuni, kwa kuona haya mbele ya watu, ikakubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao juu ya kazi yao. Mwaka 2012 ile hundi waliyolipwa iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Hundi yenyewe, ndugu! Na mwaka 2024 nakala moja ya gazeti lile la senti 10 ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Anayelitazama nyuma ya kioo asipoambiwa habari hii, ameonyeshwa bei tu.

Mtatujibu kwamba hayo ni ya Wamarekani, wayamalize wenyewe. Vema, basi tuje kwetu.

Mwaka 1930 gazeti la watoto la Brussels, Le Petit Vingtième, lilianza kumpeleka Tintin Kongo. Lilikuwa nyongeza ya gazeti la kila siku la Wakatoliki, na mkurugenzi wake alikuwa padri, Norbert Wallez, ndiye aliyemwagiza Hergé aichore safari hiyo ili watoto wa Ubelgiji walipende koloni. Hatulifichi hilo, ni la nyumbani mwetu. Hergé alikuwa na miaka 23 na hakuwahi kukanyaga Kongo. Akawachora babu zetu wakiwa na midomo mikubwa na akili ndogo, wakizungumza lugha iliyovunjika, na mwishoni wakiiabudu sanamu ya mgeni na ya mbwa wake. Katika toleo la kwanza Tintin anasimama mbele ya darasa na kuwafundisha watoto wa Kongo habari za nchi yao, Ubelgiji. Albamu ilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu. Midomo iliachwa.

Mkongomani mmoja aishiye Ubelgiji alilipeleka jambo hili mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa ombi lake. Hatutaki vitabu vichomwe, na hatukuwahi kutamani hakimu atufundishe kusoma. Lakini kuna jibu moja ambalo wapenzi wa Tintin hulitoa kila mara, nalo hatulipokei: kwamba zilikuwa enzi zake, kila mtu aliona hivyo, msimhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo.

Tuutazame mwaka 1934. Ni mchoraji yule yule, gazeti lile lile, wasomaji wale wale. Hergé alitangaza kwamba sasa Tintin atakwenda China. Padri mwingine, Léon Gosset, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi Wachina huko Louvain, alimwandikia kumsihi asiwachore Wachina kabla ya kujifunza habari zao, akamkutanisha na kijana msanii aitwaye Zhang Chongren. Wawili hao waliketi pamoja, Jumapili baada ya Jumapili. Zhang alimfundisha kushika brashi, akamweleza historia ya nchi yake, na yale maandishi ya Kichina yanayoonekana katika Le Lotus bleu yakaandikwa kwa ukweli, hata yale yanayopinga uvamizi wa Wajapani. Ndani ya hadithi hiyo Tintin mwenyewe anazicheka dhana za Wazungu juu ya Wachina. Ilikuwa imepita miaka minne tu. Enzi hazikubadilika, kilichobadilika ni kwamba mtu wa nchi inayochorwa aliketi mezani. Kwa Kongo hakuitwa yeyote. Mwaka 2021 mchoro wa jalada uliotengenezwa kwa ajili ya Le Lotus bleu uliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 3, na hatuna kinyongo nao. Tunataka tu wanaousifu urafiki wa Hergé na Zhang wakubali kinachofuata: aliyeweza kujifunza mwaka 1934 angeweza kujifunza mwaka 1930.

Kuna jambo jingine ambalo hamu ya zamani hulisahau. Makumbusho si mgeni katika hadithi hii. Huko Tervuren, karibu na Brussels, jumba la Afrika lilikuwa na sanamu iliyochongwa na Mbelgiji Paul Wissaert mwaka 1913: mtu aliyevaa ngozi ya chui, mwenye kucha za chuma, akimwinamia mtu aliyelala. Ni Anioto, watu-chui wa mashariki ya nchi yetu, kama Mzungu alivyowawaza. Hergé aliichukua sanamu hiyo, akaitia katika Tintin yake. Kwa hiyo makumbusho yalimlisha mchoraji, mchoraji akawalisha watoto, watoto wakakua na kuwa wageni wa makumbusho, na kila mmoja alimthibitishia mwenzake kwamba Kongo ndivyo ilivyo.

Aliyeukata mzunguko huo ni mchoraji wetu. Chéri Samba, ambaye tangu ujana wake Kinshasa aliandika maneno ndani ya picha zake kama afanyavyo mchora katuni, alichora mwaka 2002, kwa ajili ya jumba lile lile la Tervuren, mchoro uitwao Réorganisation. Wakongomani wanaivuta kwa kamba sanamu ya mtu-chui ili itoke nje. Wafanyakazi wa jumba wanaivuta irudi ndani. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu hiyo iliwekwa katika chumba cha pekee, mbali na maonyesho ya kawaida. Watu bado wanabishana kama hilo linatosha. Sisi twasema ni bora ugomvi uonekane kuliko taa nzuri juu ya uongo.

Na sisi je, tumehifadhi nini? Katika miji yetu Spider-Man amechorwa kwenye kuta za vinyozi, Superman amekaa vifuani mwa fulana kuukuu zitokazo Ulaya, na kijana anazikumbuka picha hizo kwa upendo kana kwamba ni urithi wa ukoo. Hatumkatazi. Lakini ni wangapi kati yenu wanaojua kwamba Kinshasa ilikuwa na gazeti lake la hadithi za picha, Jeunes pour Jeunes, tangu 1968? Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa letu la Tanganyika. Pat Masioni alianza kwa kuchora vitabu vya kidini mjini Kinshasa. Mwaka 2009 alichora kwa ajili ya kampuni ya DC, ile ile ya Superman, hadithi inayotokea Uganda.

Halafu kuna Papa Mfumu'eto. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 alichora kwa Lingala vijitabu vya kurasa chache, akavichapa kwa bei ndogo, vikauzwa barabarani Kinshasa: wachawi, nyoka, wakubwa wanaokula watu, yote ambayo mji ulikuwa ukiyanong'ona chini ya Mobutu. Watu walivisoma hadi vikachanika. Mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa Paris, katika Fondation Cartier. Sehemu kubwa ya karatasi zake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Florida. Tunawashukuru walioihifadhi, maana mchwa na mvua za Kinshasa havina huruma. Lakini kijana wa Kinshasa anayetaka kuishika mikononi mwake karatasi iliyochorwa katika mtaa wake ahitaji viza ya Marekani.

Katika makabati ya parokia zetu, chini ya madaftari ya ubatizo na vitabu vya nyimbo vilivyokosa majalada, mara nyingi hubaki vijitabu vya picha vya maisha ya watakatifu na vya Biblia, vilivyochorwa na Wakongomani miaka ya 1980 na 1990. Kikundi kinachotaka kupamba ukumbi kianzie hapo. Vitoeni, vikausheni juani, tafuteni jina la mchoraji kwenye jalada au pembeni mwa ukurasa wa mwisho. Lisipoonekana, mwulizeni katekista mzee. Akilikumbuka, liandikeni kwa kalamu, pamoja na mwaka na bei iliyolipwa.