Muziki wa Gari Uishie Mlangoni

Wiki ya pili ya UE muhula uliopita, saa tano na nusu usiku, niligongewa kioo cha gari. Nilikuwa nimepaki nyuma ya hosteli na washkaji wawili, tunajaribu sabufa mpya. Aliyegonga alikuwa dada wa mwaka wa kwanza, kanga begani, daftari mkononi. Hakufoka. Alisema tu, "Kaka, samahani. Kesho saa mbili nina mtihani. Nimefunga dirisha, nimeziba masikio, lakini hata kitanda kinatetemeka."

Nikazima. Washkaji wakacheka kidogo, halafu wote tukanyamaza. Na kuna jambo lililoniuma kuliko hata ile aibu: sisi wenyewe mle ndani tulikuwa hatusikii vizuri maneno ya mwimbaji. Dada wa ghorofa ya pili alikuwa anaipata besi kuliko sisi tuliokaa kwenye siti za kifahari.

Tangu siku hiyo nimebadili msimamo, na ndio nauandika hapa. Gari la zamani la kifahari linastahili muziki mzuri, na mwanafunzi anayelifungia muziki mzuri hajafanya dhambi. Ila muziki wa gari unapimwa na aliyekaa ndani. Ukipimwa na walio nje, umeshaharibika, na mara nyingi umeharibu na gari lenyewe.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Crown ya mwaka 2005, Royal Saloon. Si langu kwa kadi, ni la mjomba wangu. Macho yalipoanza kumsumbua aliniambia, "Mjomba, chukua uendeshe, gari likikaa linakufa." Wanaozijua Crown wanajua ninachosema. Jina hilo lipo Japani tangu 1955, na toleo hili la 12, lililotoka mwishoni mwa 2003, lilitangazwa kwao kama "Zero Crown" kwa sababu Toyota walilianza upya, wakaacha ile injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja wakaweka V6. Ukifunga milango, dunia inabaki nje. Kinachosikika ni kiyoyozi tu.

Huo ukimya ndio utajiri wenyewe. Sedani ya kifahari iliyozeeka thamani yake sokoni imeshuka, rangi imepauka, lakini kiwandani walishalipia mpira wa milango, vioo vizito na mazulia manene. Chumba tulivu cha kusikilizia muziki ndicho kitu ghali kuliko vyote, na unacho tayari. Wengi wetu tunaanza kwa kukitoboa.

Mimi nilikitoboa. Nilipata hela kwa kushuti video za harusi likizo nzima (nasema mapema kabla hamjauliza boom langu lilikwenda wapi), nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Kwenye boksi la amplifaya palikuwa pameandikwa wati 2000. Fundi akakata ubao wa nyuma ya siti, akafunga sabufa mbili kwenye buti, akang'oa redio ya kiwandani, akaweka skrini kubwa ya kung'aa. Nilitoka pale najiona nimetoboa maisha.

Tuanze na hizo wati 2000, maana hapo ndipo tunapopigwa sana. Hesabu yake ni ya kidato cha nne: wati ni volti mara ampea. Gari likiwa linawaka, umeme wake uko karibu volti 14. Angalia fyuzi iliyochomekwa kwenye amplifaya. Yangu ilikuwa ya ampea 20. Mara 14, unapata wati 280. Hicho ndicho kiasi inachoweza kuvuta mfululizo bila kukata fyuzi, na sehemu yake inapotea kama joto kabla haijafika kwenye spika. Sasa zile 2000 zinatoka wapi? Zinatoka kwa mchoraji wa boksi. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa muda wote bila kuteseka. Wati 50 za kweli kwa kila spika ya mlangoni zinatosha na kubaki.

Halafu kuna sikio lenyewe. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho asiyekuwa makini hata hakigundui. Ili sikio lako likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji takriban desibeli 10, ambazo ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo anayetoka wati 300 kwenda 600 ameongeza gharama na mzigo kwenye alteneta, lakini muziki umebaki palepale.

Shida ya pili ni ya sedani hasa. Buti la sedani limetenganishwa na chumba cha abiria kwa siti, ubao na bati. Ukiweka sabufa humo, sehemu kubwa ya besi inahangaika na bati la buti na kibao cha namba, ndiyo maana unasikia gari linapita likigonga kama debe. Wewe ndani unaona besi haitoshi, unaongeza. Na besi haizuiliwi kirahisi na ukuta. Sauti ya hezi 40 ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Twita yako dirisha la hosteli litaizuia, ila hilo wimbi litapita. Yule dada hakuwa anatia chumvi.

Wiki mbili baadaye nikiwa barabarani nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Waya mkubwa kutoka kwenye betri ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati lenye makali bila mpira wa kuukinga, na haukuwa na fyuzi karibu na betri. Ulikuwa umechubuka na kugusa bodi. Niliwahi kuchomoa betri nikiwa natetemeka mikono. Ningechelewa kidogo, ningempigia mjomba simu ya kumwambia gari lake limeungua kwa sababu ya besi.

Ndipo nikaanza upya, safari hii na fundi mwingine, mzee mtaratibu anayesikiliza kabla ya kushika bisibisi. Alipoona ule ubao uliokatwa alitikisa kichwa. "Mdogo wangu," akasema, "gari kama hili unaliongezea, hulikati. Kila unachofunga leo, kesho uweze kukifungua lirudi lilivyokuwa." Naomba kila mwenye Crown, Brevis, Mark II Grande au Mercedes ya zamani aliandike hilo mahali. Magari haya hayatengenezwi tena. Ubao wa milango na dashibodi ya kiwandani ukishatobolewa, kupata mwingine mzima ni kazi ya miezi, na atakayelinunua gari lako baadaye ataanza kukupunguzia bei hapohapo.

Utaratibu tuliofuata nauweka hapa kwa anayetaka.

Kwanza, breki, tairi na betri. Kama gari halisimami vizuri, muziki usubiri.

Pili, milango. Tulifungua ubao wa milango ya mbele, tukabandika ndani ya bati mikeka ya lami ya kuzuia mtetemo, tukaziba matundu. Hii ni kazi isiyoonekana, huwezi kupiga picha ukaweka status, na ndiyo iliyobadilisha sauti kuliko kitu kingine chochote. Mlango ndio kasha la spika. Spika ghali kwenye mlango unaovuja na kutetemeka inatoa sauti ya bati.

Tatu, spika za mbele. Za kiwandani zilikuwa na miaka karibu 20, mipira ya pembeni imekauka na kupasuka. Tukaweka nzuri za kawaida, na twita tukazificha mahali pa zile za zamani bila kutoboa kitu. Muziki unatakiwa utoke mbele yako, kama bendi ilivyo jukwaani. Za nyuma tuliziacha zilivyo.

Nne, amplifaya ndogo ya kweli, waya wa shaba tupu na si alumini iliyopakwa shaba, fyuzi isiyozidi nusu mita kutoka kwenye betri, na erthi iliyofungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ukisikia mluzi kwenye spika unaopanda kila ukikanyaga mafuta, anza kukagua hiyo erthi kabla hujanunua kifaa kingine.

Mwisho kabisa, sabufa moja nyembamba chini ya siti ya mbele. Ziko pamoja nasi chumbani, kwa hiyo hazihitaji kupiga kelele ili zisikike.

Redio ya kiwandani niliirudisha. Najua wengi wanaing'oa kwa sababu inaongea Kijapani na haishiki stesheni zetu. Sababu ni kwamba redio za Japani za miaka ile zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, wakati huku stesheni zinafika 108. Hilo linatatuliwa na kifaa kidogo cha kubadili masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Simu nayo inaweza kuunganishwa bila kuvunja dashibodi. Na kumbuka kuwa kwenye baadhi ya sedani hizi skrini ya katikati ndiyo inayobeba pia mipangilio mingine ya gari. Ukiitupa, umetupa na hiyo.

Sasa nisikie lawama. Ya kwanza: "Wenzako wanakula mlo mmoja, wewe unazungumzia spika." Ni lawama nzito na sina jibu la kejeli. Nasema hivi: kama ni hela ya ada au ya chakula, usifanye, na rafiki anayekushawishi si rafiki. Lakini aliyeifanyia kazi hela yake ana haki ya kupenda kitu, kama anavyopenda mwingine viatu au jezi. Na ninachokipinga hapa ndicho chenye gharama kubwa zaidi. Kufunga vizuri mara moja kulinigharimu pungufu ya kufunga vibaya na kufumua.

Lawama ya pili inatoka upande wa pili, kwa washkaji: "Raha ya muziki ni watu wausikie, bro. Sasa kama hausikiki nje, nani atajua?" Hii naielewa sana, nilikuwa humo. Ila tuambiane ukweli. Kinachotafutwa hapo ni kuonekana, na sabufa imekuwa kipaza sauti cha jina lako. Kama ni sherehe, kuna spika za sherehe na kuna mahali pake. Maegesho ya hosteli wiki ya mitihani si mahali pake. Yule dada hakuuliza gari ni la nani wala muziki ni wa wati ngapi. Alitaka kulala.

Tena tunaoumia wa kwanza ni sisi tulio ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda huo unakatika nusu. Ukisikiliza kwa desibeli 95, jambo la kawaida kabisa kwenye gari lenye sabufa, posho yako ya wiki nzima ni kama saa moja na robo. Sikio likishapoteza uwezo kwa namna hiyo halirudi. Utabaki na mtambo mzuri na huna cha kuusikilizia.

Mimi napendekeza kanuni moja tu, haihitaji tangazo la Dean wala mgambo. Weka wimbo wako, funga milango na vioo, shuka, tembea hatua kumi. Kama bado unausikia, punguza. Ukiona ndani hautoshi kwa kiwango hicho, jua tatizo liko kwenye milango na spika zako, nenda katengeneze hizo.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjomba kliniki ya macho. Njiani nikamwekea DDC Mlimani Park, wana Sikinde, bendi aliyoifuata kila wikiendi ujanani. Rekodi yenyewe ni ya zamani, ya enzi za Radio Tanzania, si kwamba imesafishwa kwa maajabu. Sauti niliiweka ya wastani, tunaweza kuongea. Mjomba akanyamaza kuanzia Mwenge mpaka karibu na Morocco. Halafu akauliza, "Mjomba, hili gitaa la besi lilikuwepo siku zote?"

Nikamwambia lilikuwepo. Akaniomba nirudishe wimbo mwanzo. Pembeni yetu kwenye foleni alikuwepo dereva wa bajaji, mkono ukining'inia nje, hatua mbili kutoka dirishani kwetu. Hakugeuka hata kutuangalia.