Mwacheni mkimbiaji na muziki wake

Makala moja niliyoisoma ilidai kwamba anayehitaji muziki ili akimbie ni mvivu anayejidanganya. Nakataa. Februari 1998, mjini Birmingham, mwanariadha Haile Gebrselassie alikimbia huku wimbo wa "Scatman" ukipigwa ukumbini, akalinganisha hatua zake na mapigo ya wimbo huo, na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani. Huyo naye mvivu?

Wala tusiende mbali. Aliyesoma shule za Tanzania anaujua mchakamchaka, zile mbio za kuimba pamoja: kiongozi anaanzisha, wengine wanaitikia, na kiitikio kinaangukia mguu uleule. Watoto wa nyuma walioanza kutembea, wakisikia kishindo kile, huingia tena mstarini bila kusukumwa na mtu. Hatua zikilingana, nguvu hazipotei ovyo, na akili iliyokuwa ikihesabu uchovu inapata kazi nyingine.

Muziki una mipaka, ndiyo. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, pumzi na misuli huuzidi sauti. Na kuziba masikio kwa hedifoni kwenye barabara yenye bodaboda ni hatari. Hapo nakubaliana kabisa na mwandishi wa makala ile.

Lakini kutaka, kama anavyotaka yeye, muziki uzimwe hata baada ya zoezi ni kuwaonea watu. Tafiti zimeonyesha kwamba muziki wa taratibu unaweza kuusaidia mwili kutulia. Na mama wa miaka hamsini aliyeambiwa na daktari aanze mazoezi kwa ajili ya presha atarudi kesho alfajiri ikiwa leo amefurahia. Kwa nini tumnyang'anye kinachomfurahisha?