Kona ya Istilahi: Shimo, Povu au Maji Mafu?



Ijumaa iliyopita tulikutana kwa mwenzetu mtaani Al-Hindawiyah, hapa Jeddah. Anasomea fizikia, na karibuni ataeleza utafiti wake mbele ya chama. Tulimkuta amekata tamaa. "Niacheni nitumie Kiingereza," alisema. "Kiswahili hakina maneno haya." Tukamwambia amimine chai kwanza, kisha atueleze.

Utafiti wenyewe ni huu. Kuanzia kilomita 80 hivi juu ya vichwa vyetu, miale ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa. Tabaka hilo ndilo ionosfea, na mchanganyiko wake wa elektroni na ioni huitwa plazima. Gizani, elektroni huungana tena na ioni na idadi yake hushuka. Kwenye ncha za dunia, majira ya baridi, giza hudumu siku nyingi. Plazima huletwa huko na mkondo unaovuka ncha kutoka upande wa mchana kwenda wa usiku. Upepo wa jua ukichafuka, mkondo huenda mbio. Hali ya sumaku ikitulia, mkondo hulegea, plazima hukawia gizani, na elektroni hupungua mno. Tulidhani dhoruba ndiyo huharibu. Kumbe hapa utulivu ndio unaopunguza.

"Basi ni shimo," akasema mmoja wetu. Tuliafiki, mpaka mwenye utafiti alipotukumbusha kwamba elektroni bado zimo, ila chache. Shimo lingemfanya msikilizaji adhani hamna kitu.

Ndipo dada mmoja wa Lamu akauliza, "Si kama maji mafu?" Sote wa pwani tukacheka kwa kuelewa. Wakati wa bamvua mkondo hukimbia na kubadilisha maji ya hori. Wakati wa maji mafu mkondo ni dhaifu, maji hukawia palepale. Mwenzetu akachukua kalamu.

Mwalimu aliyekuwepo akatuuliza, "Na juu ya Jeddah je?" Swali zuri. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Jeddah iko kaskazini yake na Malindi kusini yake, kwa umbali unaokaribiana. Baada ya magharibi, hata siku tulivu, mapovu ya plazima hafifu huweza kupanda kutoka sehemu ya chini ya ionosfea na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na ramani za simu. Chanzo chake ni kingine: plazima nzito imeikalia hafifu, kama maji yaliyomwagwa juu ya mafuta, na ya chini hupenya kwenda juu. Tungeyaita yote mawili shimo, tungefunga vyanzo viwili katika neno moja.

Kwa hiyo tunapendekeza: *upungufu wa elektroni* liwe jina la jumla, *povu la plazima* liwe la ikweta, na *maji mafu* yabaki mfano wa kueleza ya ncha, si istilahi. Mwenzetu atazungumza kwa Kiswahili. Mwenye neno bora zaidi aje nalo siku hiyo, na aje na sababu yake.