PUTI HAIPONYI KUTU

Ndugu wafanyakazi wa gereji za Meru na Embu,

Mara nyingi twaandika hapa juu ya mishahara. Leo twaandika juu ya mlango mmoja wa gari. Msicheke. Mlango huo umemla mwenzetu mshahara wa majuma matatu, na kesho waweza kukula wewe.

Habari yenyewe ni hii. Katika gereji moja ya Embu, ambayo jina lake hatulitaji, ililetwa Volkswagen ya kizamani, ile ya mgongo wa kobe, lakini yenye paa la turubai la kukunjwa. Magari hayo yalitengenezwa na kiwanda cha Karmann, mji wa Osnabrück, Ujerumani, tangu 1949 mpaka 1980. Ndugu yake wa paa la bati wazee wanamkumbuka: ndiye aliyeshinda Safari Rally mwaka 1962. Mwenye gari alitaka kulipeleka Nairobi kwenye mashindano ya Concours, ambako waamuzi huchunguza gari juu na chini.

Gari lilikuwa limeoza. Udongo wetu mwekundu wakati wa mvua huganda ndani ya madigadi na chini ya sakafu, ukashika maji siku nyingi, na bati likaliwa polepole. Sakafu chini ya betri, ambayo katika gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma, ilikuwa imetoboka. Yale mabomba ya bati chini ya milango, yapitishayo hewa ya moto kutoka kwenye injini, ukiyagonga kwa nyundo yalitoa unga.

Sasa kila mpiga bodi aliyefundishwa vizuri analijua jambo hili. Gari la paa la bati husaidiwa na paa lake. Gari la turubai ni kama sanduku lisilo na kifuniko: nguvu yake iko chini, hasa katika bati hizo za chini ya milango. Ukizikata bila kulishikilia gari, linalegea katikati, na nafasi ya mlango inabanana juu.

Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake. Kwanza gari lawekwa sawasawa juu ya stendi, na nafasi za milango zapimwa na kuandikwa. Pili vyuma vyachomelewa kutoka nguzo ya mbele ya mlango mpaka nguzo ya nyuma. Tatu upande mmoja tu wakatwa, kutu yote yaondolewa mpaka bati safi, bati jipya la unene ule ule lachomelewa, na mlango wajaribiwa. Ndipo waenda upande wa pili. Mwisho ni rangi ya kuzuia kutu, na nta ndani ya uwazi ambamo brashi haifiki.

Mwenzetu alimweleza tajiri hayo yote. Tajiri akajibu nini? "Kata pande zote mbili leo, jaza puti, gari litoke Ijumaa." Ijumaa ikafika, mlango wa kulia ukakataa kufunga. Mwenye gari akafoka. Tajiri naye akamgeukia fundi, akasema, "Umeharibu mali ya watu, utalipa."

Twauliza: nani aliharibu? Aliyeshika grainda, au aliyetoa amri? Kama gari lingetoka zuri, sifa na fedha zingekuwa za nani? Faida ni ya tajiri na hasara ni ya kibarua! Hiyo ni haki gani?

Tena sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kusudi. Kwa kusudi! Mtu aliyeonya kwa mdomo wake kwamba gari litalegea, kisha akalazimishwa, ameharibu kwa kusudi gani? Na hata makato yakiwa halali, yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Huyu alikatwa wote.

Wako wanaosema, "Sheria hizo ni za viwanda vikubwa. Sisi ni jua kali." Maneno hayo ni ya kutulaza usingizi. Kifungu cha 18 chataja kazi ya kipande waziwazi: malipo ni mwisho wa mwezi kwa kadiri ya kazi iliyofanywa, au kazi ikimalizika, lolote litakalotangulia. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi si kibarua tena. Apaswa kuhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ni wangapi kati yetu wameitwa vibarua miaka mitano?

Liko na jambo la afya. Katika kazi ile ile mwenzetu alichomelea akiwa amevaa miwani ya jua ya sokoni. Usiku macho yaliwaka kama yametiwa mchanga. Ukichomelea bati lililopakwa zinki, moshi wake huleta homa na kutetemeka. Vumbi la puti laingia kifuani. Rangi zile za kuchanganywa na dawa ya kukausha, nyingi zina isosaineti, ambayo huleta pumu isiyoondoka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kitambaa cha kufunga pua si kifaa.

Sasa, ndugu, tuseme na makosa yetu. Tajiri hutushinda kwa sababu twashindana wenyewe. Fundi wa Embu akikataa kupaka puti juu ya kutu, wa Meru asema, "Lete kwangu, nitafanya kwa nusu." Gari lang'aa mwezi mmoja, mvua ya kwanza, kutu yatokeza tena. Mwenye gari asema mafundi wa huku ni wezi. Bei yashuka, na sote twashuka nayo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa kutu hauzibwi kwa puti, wakatwa. Na ufa ulio kati yetu ni hivyo hivyo.

Basi twataka mambo manne. La kwanza, kila kazi iandikwe kabla ya kuanza: bati zipi zakatwa, kwa njia gani, kwa siku ngapi, na nani ameamuru. La pili, asikatwe mtu mshahara kwa kosa la amri ya tajiri. La tatu, kofia ya kuchomelea, miwani ya grainda na kinga ya pua iliyo ya kweli viwepo kabla ya mashine kuwashwa. La nne, asiwepo fundi, Embu wala Meru, atakayeipokea kazi ambayo mwenzake ameikataa kwa sababu ni ya udanganyifu.

Mwenzetu aende katika afisi ya kazi ya serikali, wala asiende peke yake. Mtu mmoja akisimama mlangoni husukumwa. Kumi wakisimama, mlango hufunguliwa.

Gari lisilo na paa hushikwa na chini yake. Na gereji hushikwa na nani? Ni sisi tulio chini. Tukilegea, hakuna mlango utakaofunga.

Umoja ni nguvu.