Haut-Katanga: Kutoka Katumbi hadi Kyabula, kura ya Ruashi inafika wapi?

Mpiga kura wa komini ya Ruashi hajawahi kumchagua gavana moja kwa moja. Kwa Katiba ya 2006, yeye anachagua wabunge wa jimbo, na wabunge hao ndio wanaomchagua gavana. Safari ya kisiasa ya Moïse Katumbi inaonyesha kile ambacho mpango huo unampa kiongozi wa jimbo, na kile unachomnyima.

Katumbi, mzaliwa wa Kashobwe, alikuwa tajiri na rais wa TP Mazembe tangu 1997. Januari 2007 wabunge wa Katanga walimchagua gavana, akiwa katika PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Umaarufu wake ulikua pamoja na ule wa Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009 na 2010, kisha ikacheza fainali ya dunia na Inter Milan.

Lakini umaarufu haukuwa ngao. Desemba 2014, mbele ya umati wa Lubumbashi, alitumia lugha ya mpira kuwauliza watu kama wangekubali penalti ya tatu ya uongo. Wengi walielewa kwamba anazungumzia muhula wa tatu wa Kabila. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Tarehe 29 Septemba mwaka huo alijiuzulu na kuacha PPRD. Mei 2016 aliondoka nchini akiwa anashitakiwa, na Agosti 2018 alizuiwa kuingia kupitia Kasumbalesa. Alirudi Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019, akapokewa na umati mkubwa. Katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 alipata asilimia 18 hivi. Félix Tshisekedi alipata 73.

Waliokuja baada yake walipita njia nyingine. Jean-Claude Kazembe, aliyechaguliwa 2016, aliangushwa na wabunge wa jimbo Aprili 2017. Jacques Kyabula aliingia 2019 kwa tiketi ya FCC ya Kabila, akahamia Union sacrée ya Tshisekedi, na Aprili 2024 akachaguliwa tena. Aliyepoteza imani ya wabunge alipoteza kiti. Aliyehama pamoja na Kinshasa alikihifadhi.

Sababu si tabia ya watu peke yake. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2011, rais wa Jamhuri anaweza kumwondoa gavana wakati wa mgogoro mkubwa jimboni. Tena, asilimia 40 ya mapato ambayo Katiba inataka jimbo lijikatie lenyewe haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Gavana anayengoja pesa kutoka Kinshasa hawezi kupaza sauti sana, hata kama jimbo lake ndilo linalotoa shaba na kobalti.

Kwa mkaaji wa Ruashi, anayeishi kando ya mgodi, nafasi iliyobaki ni ndogo lakini ipo. Mgombea ubunge wa jimbo anapokuja kuomba kura, aulizwe mapema: gavana utamchagua nani, na kwa sababu gani? Baada ya siku ya kura, jibu hilo linabaki mikononi mwa wabunge peke yao.